Mwacheni Mwanafunzi Achore Kwanza

Nimekaa kimya siku nyingi, kazi za watu zimenibana. Leo nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo mniwie radhi mapema.

Juzi nilikuwa mjini Meru nikisubiri matatu ya kwenda Nkubu. Juu ya ghorofa moja pamening'inizwa bango la chuo cha kompyuta. Sitakitaja, maana hakina dhambi kuliko vingine. Bango linaorodhesha masomo: utangulizi wa kompyuta, Windows, Word, Excel, Access, PowerPoint, Publisher, intaneti na barua pepe. Yaani ile kozi tunayoiita pakeji, ileile waliyosoma kaka zetu na dada zetu, haijabadilika hata mpangilio. Kilichonichekesha, kisha kikaniudhi, ni nembo ya chuo chenyewe. Imevutwa kutoka kapicha kadogo mpaka ukubwa wa mlango, na pembe za herufi zina ngazi ngazi kama matuta ya mashamba ya Imenti. Kuzunguka kila herufi kuna vumbi la kijivu. Chuo cha kompyuta, jamani! Aliyetengeneza bango lile hajawahi kuambiwa picha ndani ya kompyuta ni kitu gani. Na angeambiwa wapi? Soma orodha tena. Kuchora hakumo.

Nasema hivi: mtu yeyote anayeshika kompyuta kwa mara ya kwanza, mtoto au mzee, aanzie kwenye programu ya kuchora, ile nyepesi kabisa. Paint kama mashine ina Windows, KolourPaint kama ina Linux, Tux Paint kama mwanafunzi ni mtoto mdogo. Na simaanishi dakika kumi za kujiburudisha wakati mwalimu anatafuta kalamu ya ubao. Namaanisha wiki nzima. Word isubiri.

Najua wenzangu wa kuandika programu mmeshaanza kucheka. Kati yetu, kumwambia mtu "hii umeichora kwa Paint" ni tusi. Chekeni, halafu rudini tuzungumze.

Mimi mwenyewe nilipitia pakeji, katika chuo ambacho nacho sitakitaja. Siku nyingi za mwanzo hatukugusa mashine. Tulikariri vizazi vya kompyuta: vali, transista, na kadhalika. Tulikariri kwamba ENIAC ya mwaka 1946 ilikuwa na vali takriban 18,000, na kwenye mtihani swali hilo likaja, na tukalipata, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuburuta dirisha kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine. Tulipofika kwenye mashine tukafunguliwa Word, tukaambiwa tuandike barua ya kuomba kazi. Kwa Kiingereza. Jirani yangu aliinua kipanya hewani akakielekeza kwenye skrini kama rimoti. Mimi nilichungulia kwenye menyu nikaipata Paint, nikaanza kuchora mlima. Mwalimu akaja kimyakimya nyuma yangu, akazima skrini. "Hapa hatukuja kucheza."

Sentensi hiyo ndiyo ninayogombana nayo leo.

Hebu fikiria mwanafunzi mgeni anahitaji nini. Mkono wake haujui kipanya. Hajui kubofya, kuburuta, kuachilia. Anaogopa kuharibu mashine ambayo thamani yake anaiona kuwa kubwa kuliko ng'ombe. Kisha unampa Word, programu yenye mamia ya amri, ambayo humo kosa dogo la mkono linahamisha aya nzima na hajui imeenda wapi. Ukurasa ni mweupe, na unamdai lugha, tahajia, na jambo la kusema. Kwenye Paint mkono ukitembea unaacha alama. Umeburuta vizuri, mstari umenyooka. Umeachilia mapema, mstari umekatika pale ulipoachilia. Mashine inamjibu papo hapo kwa jambo alilolifanya yeye mwenyewe, na jibu analiona kwa macho bila kusoma neno hata moja.

Paint ya Windows XP ilikuwa na vifaa 16 na rangi 28. Basi. Ungeweza kuwaonyesha wanafunzi programu nzima, kila kitufe, kwa kipindi kimoja, na hilo ni jambo la heshima sana kwa mwanafunzi: kujua kwamba chombo amekimaliza, hakuna chumba kilichofungwa ambacho hakukiingia. Niambie nani amewahi kuimaliza Word. Mimi sijaimaliza.

Sasa niwasimulie kisa, halafu mnihukumu.

Kuna ukumbi wa kanisa karibu na Nkubu ambako tunakutana Jumamosi na kompyuta tano kuukuu, tukifundisha yeyote anayetaka. Mwaka jana akaja mama mmoja, umri wake wa kunizaa. Anadarizi vitambaa vya makochi na kuviuza, vile vya kuhesabu matundu, ua jekundu katikati na majani pembeni. Alikuwa ameshalipia pakeji mahali fulani, akamaliza, akapewa cheti. Cheti alikuja nacho ndani ya bahasha ya plastiki. "Mwalimu," akaniambia, "hii kitu nimeisoma lakini siijui." Nikamwomba afungue folda. Akashika kipanya kama anayeshika sufuria ya moto.

Sikumfungulia Word. Nikamfungulia Paint, nikamwambia, "Mama, nichoree nyumba yako."

Mstari wa kwanza ulitetemeka ukaenda kombo. Akauondoa mkono haraka. "Nimeharibu."

"Hujaharibu, mama. Shika Ctrl, gusa Z."

Mstari ukatoweka. Akanitazama, akatazama skrini. "Kinarudi nyuma?"

"Kinarudi."

Kwa muda mrefu hakuchora nyumba yoyote. Alichora mstari akaufuta, akachora akaufuta, bila kuambiwa na mtu. Naamini siku ile ndiyo aliyoanza kusoma kompyuta, na ile karatasi ya kwenye plastiki haikuhusika. (Kwa faida ya wenye mashine za zamani: Paint ya XP ilikuruhusu kurudi hatua 3 tu, ya Vista 10, ya Windows 7 ikafika 50. Kwa mwanafunzi mwoga hatua 50 ni mfuko uliojaa.)

Jumamosi ya pili nikamkuzia picha mara nane. Mistari yake ikageuka miraba midogo, kila mraba na rangi yake moja. Nilikuwa nimejiandaa kueleza pikseli kwa mifano yangu ya kiprogramu, hata sikufungua mdomo. "Kumbe ni matundu!" akasema. "Hiki ni kitambaa." Akachukua penseli, akachora lile ua lake tundu kwa tundu, akihesabu kwa Kimeru kwa sauti ya chini. Lilipokamilika nikamwonyesha kulizungushia kile kisanduku cha nukta nukta, kunakili, kubandika. Kwenye kitambaa ua la pili linakula muda uleule wa la kwanza. Hapa la pili lilichukua sekunde mbili. Alicheka mpaka wengine wakageuka. Akajaza ukingo mzima wa ukurasa kwa maua.

Jumamosi ya tatu tukaingia Word. Nilipomwambia achague maneno na kuyanakili, akaniuliza kama ni sawa na yale maua. Nikasema ni sawa. Somo likaishia hapo, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuongeza.

Mkidhani mama huyu wa Nkubu ni kioja, mtazameni Susan Kare, aliyechora ikoni za Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984. Alianza kwenye karatasi ya miraba, 32 kwa 32, na ameeleza mara kadhaa kwamba kazi hiyo inafanana na kudarizi na kupanga vigae. Mashine hiyohiyo ilitoka na MacPaint, programu ya kuchora ya Bill Atkinson. Apple walikuwa na kompyuta ambayo watu hawajawahi kuona mfano wake, yenye kipanya, na moja ya programu mbili walizoziweka mbele ya wanunuzi, pamoja na MacWrite, ilikuwa ya kuchora. Mwaka uliofuata, Novemba 1985, Windows ya kwanza kabisa ikatoka na Paint ndani yake. Hawa wote walikuwa wanafundisha ulimwengu mzima kushika kipanya, na walijua mkono unafundishwa na nini.

Nirudi kwenye lile neno "kucheza". Kuna kijana wa kidato cha pili huja ukumbini na baba yake. Siku moja amechora nyumba nzuri, paa la mabati, mti wa mparachichi pembeni. Akachukua kopo la rangi, akabofya kwenye paa ili liwe jekundu. Skrini nzima ikawa nyekundu. Mbingu, mti, kila kitu! Akadhani mashine imeingiwa na virusi. Nikamwambia arudi nyuma, achukue kioo cha kukuzia, atembee kwenye ukingo wa paa taratibu kama mtu anayekagua ua la zizi kutafuta mbuzi wametokea wapi. Akalipata tundu: pikseli moja, pale mstari wa paa ulipokosa kukutana na ukuta.

Nikamuuliza: kompyuta ilijuaje kupita hapo? Tukachora miraba kwenye karatasi. Rangi inamwaga mraba mmoja, halafu inauliza majirani wanne, juu, chini, kushoto, kulia: wewe ni mweupe? Kama ni mweupe, mwage naye aulize majirani zake. Kijana akafikiri, akauliza swali ambalo nimewahi kuona mtu mwenye shahada akishindwa kulijibu: mbona mstari wa mshazari haivuji, na miraba yake inagusana kwa kona tu? Akajijibu mwenyewe. Kwa sababu haiulizi kona.

Hiyo ndiyo algorithimu ya kujaza rangi, ndugu zangu. Mimi nilipoiandika mara ya kwanza kwa kujiita yenyewe ndani yake, programu ilianguka palepale, maana picha ya 640 kwa 480 ina pikseli 307,200 na kila moja inaweza kuita nyingine kabla ya kumaliza. Nilijifunza foleni siku hiyo. Kijana huyu wa kidato cha pili amefika mlangoni pa somo lilelile kwa kuchora paa la mabati. Na mstari wa mshazari wenyewe, ukiukuza ukaona ngazi zake, ndani yake kuna swali ambalo Jack Bresenham wa IBM alilijibu kwa njia aliyoichapisha mwaka 1965: nipande ngazi lini bila kupiga hesabu ya desimali? Wanafunzi wa sayansi ya kompyuta pale Nchiru na kule Embu wanakutana na haya kwenye ubao. Ningependa wafike wakiwa wameshayaona.

Kisha tazama chini ya dirisha la Paint, kuna tarakimu mbili zinazobadilika kipanya kikitembea. Hizo ni x na y. Mwambie mwanafunzi aende juu uone y inapungua! Sifuri iko kona ya juu kushoto, kinyume na grafu ya hesabu darasani. Fungua kuhariri rangi, utaona nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255, jumla rangi 16,777,216. Wape bendera ya Kenya waichore, wapate nyeusi kwa sifuri tatu, nyeupe kwa 255 tatu. (Ngao itawatesa. Waacheni wateseke.)

Halafu mafaili. Hapa ndipo hasira yangu ya bango inapopata maana. Chukua picha ya 640 kwa 480, ihifadhi kama BMP ya biti 24. Ina baiti 921,654. Kwa nini? Pikseli 307,200 mara baiti 3, ongeza baiti 54 za kichwa cha faili. Ihifadhi ileile kwa rangi 256: baiti 308,278. Kwa nyeusi na nyeupe: 38,462. Mwanafunzi anapiga hesabu kwenye daftari, anafungua sifa za faili, tarakimu zinalingana mpaka ya mwisho. Sijui somo lingine la kompyuta kwa wageni ambalo jibu lake linatoka kamili namna hiyo. Baada ya hapo mwambie ahifadhi maandishi kama JPG akuze: vumbi lile la kijivu kuzunguka herufi, lile la bangoni. Ahifadhi kama PNG: vumbi hakuna. Hatasahau mpaka kaburini.

"Lakini hakuna tangazo la kazi linalotaka Paint." Nimeambiwa hivi na mwenye chuo, uso kwa uso, na alidhani amenimaliza.

Twende saiba basi, tusibishane hewani. Kaa Makutano saa moja utazame kijana wa saiba anafanya nini. Mtu analeta kitambulisho kiskaniwe kipandishwe kwenye fomu ya serikali mtandaoni, fomu inakataa, faili ni kubwa. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi inakuwa picha ya 2480 kwa 3508, pikseli 8,699,840. Ukipunguza kila upande kwa nusu, unabaki na robo. ROBO, si nusu. Kijana anayejua hili anamhudumia mteja kwa dakika moja. Asiyejua anamwambia "sistimu imekataa, rudi kesho," na mzee wa watu ametoka Maua kwa nauli. Mwingine analeta picha ya marehemu, ya zamani, imekunjwa, inatakiwa kwenye kijitabu cha mazishi, na katika picha marehemu amesimama na watu sita. Unakata, unapunguza, unafuta mkunjo kwa kunakili kipande cha ukuta wa nyuma. Familia inalia pale kaunta na inahitaji nakala mia mbili kabla ya jioni. Ukimwambia kijana huyo kwamba anacheza, atakuonyesha mlango.

Kazi hizo hazitangazwi kwa jina la Paint, sawa. Hata kujua kusoma hakutangazwi.

Wengine wanakubaliana nami nusu: ndiyo, kuchora kufundishwe, ila tufundishe vitu vya maana, Photoshop na CorelDRAW. Hawa wananichosha zaidi. Kwanza, nakala nyingi ninazoziona kwenye vyuo ni za kuiba, na zinakuja na virusi vyake. Pili, mgeni ukimpa Photoshop umempa Word nyingine, vyumba mia na taa zimezimwa. Afike huko kwa miguu yake. Na akifikia nembo na mabango asitumie Paint kabisa, naomba nieleweke hapa: picha ya pikseli ukiivuta inakatika, ndiyo maana kuna Inkscape, ya bure, inayohifadhi mstari kama hesabu na hujali ukubwa wa mlango. Paint ina upungufu mwingine pia. Maandishi ukishabofya nje yanakuwa rangi tu, huwezi kurudi kusahihisha tahajia. Tabaka za picha imezipata mwaka 2023, miongo karibu minne baada ya kuzaliwa. Sijasema ni programu kubwa. Nimesema ni ya kwanza.

Kuhusu Canva na simu sina maneno mengi. Kwenye Canva unachagua kazi ya mtu mwingine na kubadilisha jina la harusi. Ni biashara halali, na mimi nimeitumia. Haikufundishi pikseli, faili wala folda. Na hiki kitufe kipya cha akili unde kilichoingizwa ndani ya Paint yenyewe kuanzia 2023, unaandika maneno inakuchorea, kwenye mashine za ukumbini sitaki kukiona. Yule mama angeandika "ua jekundu" akapewa ua zuri kuliko lake, na asingejua kitambaa kina matundu.

Hili la Kiingereza nalo tuliseme. Ukumbini kwangu wapo watu wanaosoma Kimeru na Kiswahili vizuri, Kiingereza kwa shida. Pakeji inawahukumu kabla hawajakaa. Brashi, kopo na kifutio hazina lugha. Tux Paint, aliyoianzisha Bill Kendrick mwaka 2002, ina tafsiri ya Kiswahili, ni ya bure, inakwenda kwenye mashine kuukuu, na haimuulizi mtoto jina la faili wala folda. Inahifadhi na kumwonyesha picha zake. (Kwa mtu mzima hilo ni kasoro, ndiyo maana wazee nawaweka Paint: wanahitaji kugombana na folda.) Watanzania kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, wakaiita Jambo. Sisi huku tukawa tunabishana kama kompyuta iitwe tarakilishi au kompyuta. Iiteni mnavyotaka, ila washeni mashine.

Serikali nayo isikae kando inatabasamu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, mwaka uleule wa Paint, ukiwa na Sanaa na Ufundi ndani ya mtihani wa darasa la nane. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo likatolewa kwenye KCPE, na lisilotahiniwa Kenya halifundishwi, tunajuana. Watoto wakamaliza shule bila kushika brashi. Mwaka 2013 tukaahidiwa laptopu za darasa la kwanza. Mradi ukaanza kweli 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikapelekwa shule za msingi. Vikaenda na masomo yaliyokwisha kupikwa: tazama, gusa jibu, songa mbele. Aprili 2022 taasisi ya mitaala, KICD, ikaidhinisha mtaala wa usimbaji wa Kodris Africa, na magazeti yakashangilia kwamba tumekuwa wa kwanza Afrika. Sipingi usimbaji, ndio unaonilisha. Ila mtoto ambaye hajui x na y zinaanzia kona gani unamfundisha kuamuru kitu kitembee skrini? Kitembee kutoka wapi?

Julai 2017 Microsoft waliiweka Paint kwenye orodha ya vitu ambavyo hawataviendeleza. Dunia nzima ikapiga kelele, wakarudi haraka kusema itabaki, na mwaka 2019 wakathibitisha inaendelea ndani ya Windows 10. Niliwasoma wakubwa wa teknolojia wakiiomboleza wiki ile kama rafiki wa utotoni. Ndipo walipoanzia, wote! Lakini mwanafunzi wa Meru akiifungua, skrini inazimwa.

Wenye vyuo, sikuombeni mfute pakeji. Cheti kinahitajika, nakubali, mwajiri anakiuliza. Toeni wiki ya vali na transista, wekeni wiki ya kuchora mahali pake. Haiwagharimu hata shilingi, programu tayari imo kwenye mashine zenu. Siku ya tano mpeni kila mmoja achore bango la chuo, na lililo bora mlitundike badala ya lile la ghorofani. Halitakuwa baya zaidi.

Mimi Jumamosi hii narudi ukumbini. Yule mama amekuwa akiwafundisha wenzake watatu wa vitambaa kuchora michoro yao kabla ya kushika sindano, na mashine sasa hazitoshi. Mbili kati ya hizo tano hazina kipanya. Mwenye kipanya cha ziada, hata kile cha kale chenye mpira ndani, akilete. Uchafu wa mpira nitautoa mwenyewe.